Neno la Watu Wawili

Simu ilinikuta jikoni nikichambua mboga ya terere, na kwa kuwa sikuijua ile namba nusura niiache ilie hadi ikatike. Sauti ya mzee ikasema, "Wakili? Ni mimi Elija wa Kuresoi. Yule wa ile kesi." Nilivuta kiti nikaketi. Sauti hiyo nilikuwa nimeisikia mara chache hata wakati ule, maana mtu anayeshtakiwa kwa kuua huwa hasemi mengi, na tangu hapo ilikuwa imepita miaka arobaini na ushee. Akaniambia mkalimani wa kesi ile ametuacha, kwamba kifua kilimsumbua tangu baridi ianze, kwamba angezikwa Jumamosi, na kwamba kuna neno aliloachiwa anipe lakini si neno la simu. Nikasema nitakuja. Akaniuliza kama huku Nakuru mvua imenyesha, nikamjibu kidogo, akakata. Terere yangu ilinyauka pale mezani, na siku hiyo sikupika.

Nimefanya kazi ya sheria karibu maisha yangu yote, na vijana hunialika niwasimulie kesi nilizoshinda. Kesi ya Elija huwa siisimulii, ingawa ndiyo iliyonipa jina. Ya wazazi wangu na ya utoto wangu Kabazi nitayaacha yalipo, kila mtu ana wazazi. Nitasimulia mwaka ule mmoja, mapema miaka ya themanini, nilipokuja Nakuru mwezi wa kwanza na sanduku moja na joho nililonunua kwa wakili aliyestaafu, mikono yake ikinifika kwenye vidole. Nilipanga vyumba viwili juu ya duka la vitambaa. Ngazi zilikuwa nje, na kwenye kibaraza cha chini aliketi fundi cherehani aliyeanza kazi kabla sijaamka, kwa hiyo mashine yake ndiyo iliyokuwa saa yangu. Dirisha moja lilitazama upande wa ziwa, na siku za vumbi hata ziwa halikuonekana. Wakili mzee mmoja alinipa kona katika ofisi yake, katikati ya kabati na mlango. Wateja wakiingia waliniuliza wakili yuko wapi. Nikisema ndiye mimi, walitikisa kichwa kwa adabu, wakaketi kumngoja.

Siku hizo mtu akishtakiwa kwa mauaji na hana wakili, korti ilimtafutia, na kazi hiyo tulipewa sisi wachanga ambao hatukuwa na la kufanya. Hivyo ndivyo faili la Elija lilivyonifikia, likiwa jembamba kuliko nilivyotarajia. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, mkulima wa viazi Kuresoi. Jirani yake Daudi alikuwa na ng'ombe asiyejua mpaka, na ng'ombe huyo aliingia kwenye viazi vya Elija mara tatu. Wakagombana mbele ya watu. Siku chache baadaye Daudi akakutwa asubuhi mtoni, chini ya gogo walilokuwa wakivukia, kichwa kimepasuka. Daktari alisema jeraha lile lingeweza kutoka kwa jiwe au kwa mkono wa mtu, yeye hawezi kujua. Kilichobaki ni ugomvi wa ng'ombe, na maneno ambayo Elija alimwambia Mama Rahel, mjane wa pale jirani, jioni ya mwisho ya Daudi. Sheria ya wakati ule haikuwa na njia ya kati. Akipatikana na hatia, ni kitanzi.

Mkalimani wa korti aliitwa Samweli. Alizaliwa kwenye kambi ya vibarua ya shamba la pareto karibu na Molo, mahali ambapo kila mlango ulikuwa na lugha yake, naye alizipata zote kwa kuomba chumvi. Hivyo ndivyo alivyosema mwenyewe. Siku yangu ya kwanza kuuliza maswali mahakamani niliuliza kwa kasi kama ninayefukuzwa. Jaji, Mwingereza mzee mwenye mafua yasiyoisha, alikuwa akiandika kila neno kwa mkono, kwa Kiingereza, na mara mbili aliinua uso akanitazama. Wakati wa mapumziko Samweli alinijia kwenye korido. Hakunicheka, ingawa macho yake yalitaka. "Wakili," akaniambia, "wewe unaangalia shahidi. Angalia kalamu. Ikisimama, ndio unauliza." Tangu siku hiyo niliangalia kalamu. Nimewafundisha mawakili wengi hilo na sijawahi kuwaambia lilitoka wapi.

Nyuma ya korti kulikuwa na kibanda cha mama mmoja aliyeuza chai na mandazi, na benchi zake zilijaa watu waliokuja na kesi zao kutoka Subukia, Molo, Njoro, kila mmoja na lugha ya kwao. Mimi na Samweli tulikaa pale saa ya chai. Mchezo wetu ulianza hivi hivi. Nilimuuliza wale akina mama wa benchi ya pili wanasemaje, naye bila kugeuza kichwa akaanza kunitafsiria kwa sauti ya chini, sauti ile ile ya korti, kavu, bila kuongeza wala kupunguza. Yule wa kitambaa anasema shemeji yake anapika ugali mbichi. Mwenzake anasema hata wake alikuwa hivyo, alimzoea. Nilicheka hadi chai ikaniingia puani. Siku nyingine nilimuuliza wale wazee wanasema nini juu yangu, maana nilijua ni juu yangu. Akasikiliza kidogo. "Wanasema huyu msichana ni mwembamba sana kwa hiyo nguo kubwa," akasema. "Mwingine anasema atanenepa. Mwingine anauliza kama ameposwa." Nikamuuliza yule wa tatu alijibiwa nini. Akanywa chai yake yote kwanza. Akasema hakujibiwa, wazee walimwangalia mkalimani.

Sijui wengine hupendana vipi. Mimi nilipenda kwa masikio. Nilikuwa nimezoea watu wanaosikiliza ili wapate nafasi ya kusema, na huyu alisikiliza kana kwamba neno la mtu ni yai. Alikuwa na methali moja aliyoipenda, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na aliitumia kwa kila kitu, hata kwa muuza nyanya aliyetaja bei vibaya.

Mwezi wa tano Mama Rahel alikuja kutoa ushahidi. Alikuwa mdogo kwa umbo, amevaa sweta mbili na viatu vya mtu mwingine, na alijua Kikipsigis peke yake. Kesi ilikuwa imeanza saa tatu, na Samweli alikuwa amesimama tangu wakati huo, akitoa maneno ya mashahidi watano kwa Kiingereza. Mama alieleza kwamba Elija alipita kwake jioni ile, akakaa kwenye kigoda, akapewa chai. Kiongozi wa mashtaka akamwuliza alisema nini juu ya Daudi. Mama akajibu kwa maneno machache, ametulia kabisa. Na Samweli akatoa kwa Kiingereza: alisema, nimemmaliza. Kalamu ya jaji ikasimama. Ikaandika. Wale wazee watatu wa baraza waliomsaidia jaji wakatazamana. Niliuliza maswali yangu machache, nikamwuliza kama Elija alikuwa na hasira, Mama akasema hapana, alikuwa na furaha. Hilo likazidi kuharibu. Kizimbani Elija hakushtuka hata kidogo, nami nikaliona hilo kuwa ushahidi wa moyo mgumu. Sikufikiria kwamba yeye alisikia maneno ya Mama, hakusikia ya Samweli, kwa sababu hakujua Kiingereza hata cha kuomba maji, wala baadaye sikwenda kumwuliza.

Kesi ikaahirishwa hadi mwezi wa tisa, maana ndivyo zilivyokuwa zikienda, kipande leo na kipande mvua zikiisha. Miezi hiyo minne ndiyo niliyokuwa na furaha kuliko yote niliyoishi, na nilikuwa nayo huku mtu wangu akingoja kitanzi. Nayaandika yote mawili pamoja kwa sababu yalikuwa pamoja. Samweli alikuja Jumapili baada ya kanisa na kibuyu cha maziwa lala au viazi kutoka kwa jamaa zake, nami nilipika mukimo, viazi vya kuponda na majani ya malenge, kwenye jiko la makaa pale kibaraza cha juu. Kwa kuwa ngazi zilikuwa nje, fundi cherehani alijua kila kitu, na alijua kunyamaza. Samweli alikuwa na ufunguo wangu wa pili. Tulikubaliana mwezi wa kumi na mbili ataleta wazee wake Kabazi kuniposa. Mpaka hapo tulikaa kimya, kwa sababu wakili wa mshtakiwa na mkalimani wa kesi ile ile hawafai kula sahani moja, na sote wawili tulilijua hilo vizuri sana tukaendelea kula.

Ilikuwa siku ya kawaida ya mwezi wa nane, pale kibandani. Benchi ya mbele wanaume wawili waliokuwa na kesi ya ardhi walisimama wakashikana mikono, mmoja akamwagizia mwenzake chai. Nikamuuliza Samweli kwa mchezo wetu, hawa nao? Akaanza kwa sauti ya kawaida: "Anasema, sasa tumemalizana." Nilimsubiri aendelee. Aliweka kikombe chini, akakishika tena, akaniambia ana kazi ndani, akaenda bila kumaliza andazi lake, mtu ambaye hakuwahi kuacha chakula.

Jumapili alikuja bila kibuyu. Nilipakua, akatazama sahani. Akaniambia polepole kwamba Mama Rahel hakusema nimemmaliza. Alisema, tumemalizana. Elija alikwenda kwa Daudi mchana ule wakakaa, wakanywa chai ya birika moja, wakaukata ugomvi wa ng'ombe, na ndiyo sababu alikuwa na furaha. Katika lugha yao tofauti ya maneno hayo mawili ni mkia mdogo tu mwishoni mwa neno, kama ile -na ya Kiswahili. Kwa Kiingereza nacho ni kineno kimoja, na alikuwa amekiacha. "Nilikuwa nimechoka," akasema. "Hapana, wacha niseme ukweli. Nilikuwa nakuangalia wewe. Ulikuwa umeandika kitu ukainama, nikakuangalia, na neno likapita." Alisema hivyo bila kulia, mikono imelala kwenye mapaja yake. Nilijua nilipaswa kumshika. Lakini wakili ndani yangu alikuwa ameshasimama, na nilichosema ni kwamba tutamwita Mama Rahel arudie ushahidi mbele ya mkalimani mwingine.

Mama Rahel alikuwa amefariki. Baridi ya mwezi wa saba ilimchukua, na habari hiyo ilitufikia wiki iliyofuata. Sasa duniani hakukuwa na mtu anayeweza kuirudisha ile kalamu nyuma isipokuwa Samweli mwenyewe. Elija mwenyewe angeweza kuapa, ndiyo, lakini nani huamini mtu anayejiokoa? Samweli alikubali kabla sijamaliza kumwomba. Aliomba kitu kimoja tu. "Nipe mpaka saa ya chai," akaniambia. "Siku ya kesi nitaenda kwa jaji mwenyewe, kwa mguu yangu. Nisitolewe kama mwizi wa kuku. Hii mdomo ndio kazi yangu, Tabitha." Alikuwa akiniita Wakili siku zote. Nikamwahidi.

Asubuhi ya kesi niliamka kabla ya cherehani. Samweli alikuwa kwenye nafasi yake mbele ya meza ya jaji, amevaa tai ambayo sikuijua. Nilimtazama, hakunitazama. Kazi ilikuwa iwe ndefu, kulikuwa na askari wawili wa kuhojiwa, lakini mmoja alikuwa mgonjwa na mwingine amehamishwa, na saa nne ilipofika kiongozi wa mashtaka akasimama akasema hana shahidi mwingine, anafunga upande wake. Leo najua kwamba hilo halikuwa kitu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anajua kwamba ningeweza kuomba tuahirishe kidogo, ningeweza kuketi tu, kukohoa, kuangalia karatasi hadi saa tano, saa ya chai. Lakini nilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, nikasikia neno kufunga, nikamwona Elija akijipangusa uso kwa mkono wa shati, na nikamwona Samweli ametulia pale, hasogei. Nikafikiri ameogopa. Naam, nilifikiri hivyo, na ndicho kitu ninachojilaumu kuliko kusimama kwenyewe. Nikasimama nikasema kwa sauti kwamba ushahidi wa Mama Rahel ulitafsiriwa vibaya, na kwamba mkalimani wa korti hii analijua hilo.

Jaji aliweka kalamu chini. Sikuwa nimewahi kumwona akifanya hivyo. Akaagiza mkalimani apande kizimbani aape, na Samweli, aliyekuwa amewaapisha maelfu ya watu, aliishika Biblia kama wao, kwa mikono miwili. Alieleza kila kitu sawasawa, neno na mkia wake, uchovu wake, kosa lake. Hakusema alikuwa akimtazama nani. Kisha kiongozi wa mashtaka, ambaye hakuwa mjinga, akamwuliza habari hii alimwambia wakili wapi. Samweli akasema nyumbani kwake. Akaulizwa alikuwa akifanya nini nyumbani kwa wakili wa mshtakiwa. Akasema alikuwa anakula. Watu wakacheka. Akaulizwa, kama nani?

Kila aliyekuwa mle ndani alielewa swali. Kama angesema kama mchumba, basi ushahidi wake ungekuwa zawadi ya mpenzi, umepikwa mezani pamoja na mukimo, na Elija angenyongwa, na mimi ningevuliwa joho langu refu. Samweli akatafuta neno. Niliijua ile sura. Ndiyo aliyokuwa nayo akipima neno la mtu mwingine kabla ya kulitoa.

"Kama mgeni," akasema.

Akaulizwa kama kuna zaidi. Akasema hakuna zaidi. Kwa miaka yote aliyosimama mbele ya meza ile alikuwa hajapindisha neno kwa makusudi, na neno la kwanza alilopindisha lilikuwa mimi. Alikuwa ameapa. Na mimi, ambaye kiapo cha uwakili kilinifunga niseme kweli mbele ya korti, nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake na ufunguo wangu wa pili umo mfukoni mwake, nikanyamaza. Watu wa Nakuru wamenisifu kwa uaminifu muda mrefu. Waliokuwepo siku ile wengi wamekufa, na sasa na yeye amekufa, kwa hiyo naliandika.

Nilipotoa hoja zangu za mwisho nililishika neno lile nikaligeuza kila upande. Nilimwambia jaji kwamba kummaliza mtu ni kazi ya mtu mmoja, lakini kumalizana kunataka watu wawili. Hakuna mtu anayeweza kumalizana peke yake. Nilisema kwamba Elija asingeweza kulitamka neno lile jioni ile bila Daudi kuwa amekaa upande wa pili wa birika, hai, ameridhika. Nilisema vizuri. Samweli alikuwa benchi la nyuma, maana walikuwa wameshamsimamisha kazi na mkalimani wa kuazimwa alikuwa amesimama mahali pake. Wazee wa baraza wote watatu walisema Elija hana hatia, na jaji akakubaliana nao. Alisema maneno ya mjane yakitolewa, kilichobaki ni ng'ombe na gogo lenye utelezi. Jamaa za Elija walimbeba juu juu hadi nje. Mtu alinirushia leso kichwani. Nilipogeuka, benchi la nyuma lilikuwa tupu.

Samweli hakurudishwa kazini. Nilimtafuta kwa jamaa zake Molo wakaniambia ametoka, na walivyoniangalia nilielewa kwamba nisirudi. Niliandika barua tatu. Jioni moja fundi cherehani aliniita akanipa ufunguo wangu, umefungwa kwenye kipande cha kitambaa, akasema yule kijana aliupitisha mchana nikiwa kortini. Nikamuuliza alisema nini. Fundi akasema alisimama kidogo akatazama juu kwenye ngazi, akaenda. Mwezi wa kumi na mbili ulifika. Kabazi walikuwa wameshapaka nyumba chokaa kwa ajili ya wageni, nami nikaenda nikawaambia hakuna anayekuja. Nililala kwa siku mbili na uso wangu ukutani. Baadaye niliolewa na mtu mwema, nikamzika, na sina la kumlaumu. Lakini haraka haraka haina baraka, na kila nikiisikia methali hiyo kwenye harusi za watu natoka nje kidogo.

Jumamosi nilifika Kuresoi ukungu ukiwa bado umelala kwenye viazi. Wimbo wa kanisa ulikuwa ukiendelea, na nikaambiwa kwamba kwa miaka mingi marehemu ndiye aliyekuwa akitafsiri kwa kila mhubiri mgeni, bila malipo, amesimama kando ya mimbari na mikono nyuma. Alikuwa ameoa huku, mkewe akamtangulia, wameacha wana wanne warefu kama yeye. Shamba lake lilipakana na la Elija. Hilo sikulijua. Elija, sasa mzee wa ndevu nyeupe na koti kubwa la mvua, alinishika mkono akaniingiza kwenye nyumba yake, chumba cha mbele chenye vitambaa vyeupe vya kushona kwenye kila kiti, akanimiminia chai kutoka kwenye birika jeusi. Akangoja ninywe kwanza.

"Mama Wakili," akasema, "mimi nilifikiria wewe unajua. Ile asubuhi ya kesi alikuja huko chini kwa selo kabla niletwe. Akaniambia, Elija, leo narudisha neno yako. Nimeongea na karani, jaji ataniona saa ya chai. Wewe tulia." Akanitazama. "Kwani hakukwambia?"

Nikamwambia hatukuonana tena. Nikaweka kikombe chini. Kwa hiyo alipokuwa ametulia pale mbele ya meza ya jaji, hakuwa ameogopa. Alikuwa akingoja saa, kama tulivyokubaliana. Nilikuwa nimemtoa kama mwizi wa kuku, ikiwa imebaki saa moja tu aende kwa miguu yake.

Nililia mbele ya Elija bila kuona haya. Yeye alikaa tu, hakuniambia ninyamaze. Nilipopata sauti nikamuuliza neno nililoachiwa. Akasema alipewa neno hilo mara mbili, mara ya kwanza mwaka uliofuata kesi, walipokuwa wakichimba viazi pamoja, na mara ya pili wiki iliyopita kitandani. "Alisema siku utakuja, nikwambie mmemalizana." Nikamuuliza, kama wakili, kama mtu aliyepoteza akili, alisema kwa lugha gani, na kwa neno lipi. Elija akatabasamu kidogo, meno machache. Akasema ni kwa lugha ya nyumbani, na neno ni lile lile lake yeye, lile alilomwambia Mama Rahel. Akalitamka. Nilikuwa nimeliokoa neno hilo kwa kesi nzima, na Mama Rahel alipolitamka lilinipita masikioni.

Nilimwambia haiwezekani. Nilimwambia nilimweleza jaji mwenyewe, kumalizana kunataka watu wawili, na mimi sikuwepo. Elija akafikiri. "Basi enda umwambie," akasema. "Bado hawajafunika."

Tulitoka pamoja. Watu walitupisha. Nilisimama ukingoni mwa kaburi, kwenye udongo mwekundu uliolowa, Elija kando yangu akininong'oneza neno, mara mbili, tatu, nami nikilishika mdomoni kama chakula cha moto. Kisha nikalisema kwa sauti, juu ya sanduku. Watoto waliokuwa mbele wakaziba vinywa. Mama mmoja akainua macho. Nikamtazama Elija, naye akasita, mzee wa watu, asitake kuniumiza.

"Mama, umeacha mkia," akasema polepole. "Hivyo umesema umemmaliza."

Wana wa Samweli walikuwa wameshika majembe, wakingoja. Elija akaniambia nijaribu tena, hakuna haraka. Nikamwambia aliache, nimelisema sawa.